Ploti bila karatasi: Jinsi Garissa ilivyowahamisha wakazi wake

Galbet ni mojawapo ya wadi nne za eneobunge la Garissa Mjini. Nyingine ni Waberi, Township na Iftin. Mji wa Garissa ulikua kwa bulla, mitaa iliyochipuka mmoja baada ya mwingine kuzunguka afisi za serikali, soko la mifugo na barabara inayovuka mto Tana kuelekea Nairobi. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, nyumba za mabati na za miti zimezidi kupakana na hoteli na majengo ya ghorofa. Mpita njia anaweza kudhani anaona yale ambayo mwanasosholojia Ruth Glass aliyaeleza kuhusu London mwaka 1964: wenye kipato wananunua nyumba katika mitaa ya wafanyakazi, kodi inapanda, na wenyeji wanatafuta pengine pa kuishi. Sehemu ya picha hiyo ipo. Lakini ukifuata historia ya Garissa utaona kwamba hapa watu walihamishwa kabla soko halijapata nguvu ya kumhamisha yeyote. Aliyeanza ni serikali, na silaha yake kuu ilikuwa karatasi ambazo mkazi hakupewa.

Tuanzie ukoloni. Kuanzia mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojumuisha Garissa, ilitangazwa eneo lililofungwa, na sheria ya mwaka 1934 ikawapa maafisa wa wilaya uwezo wa kuamua kabila lipi likae wapi na lichungie wapi. Uhuru haukuilegeza kamba hiyo. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 28, 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, na kuanzia mwaka 1966, wakati wa vita vya shifta (uasi wa waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia), wafugaji walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa. Mifugo haiwezi kuchungwa ikiwa imezungukwa na askari; mingi ilikufa, mingine ikauawa. Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1970 na wa 1984. Familia iliyopoteza ngamia na ng'ombe haikuwa na njia nyingine ila kusogea mjini, karibu na maji na chakula cha msaada. Kwa hiyo wengi waliojenga bulla walikuwa tayari wamehamishwa mara moja walipozijenga.

Ardhi waliyojenga juu yake ilikuwa na hali ya ajabu kisheria. Katiba ya zamani iliiweka chini ya Baraza la Kaunti ya Garissa, lililoishikilia kwa niaba ya wakazi. Kwa maneno mengine, mkazi wa bulla hakuwa mvamizi. Alikuwa miongoni mwa wale ambao ardhi ilishikiliwa kwa ajili yao. Katiba hiyohiyo ilisema kwamba ardhi ikitengwa kwa matumizi ya umma, mkazi anayeathirika alipwe fidia kamili bila kucheleweshwa. Ila hakuwa na hatimiliki ya kuonyesha. Mwenye kushikilia kalamu alikuwa baraza, na baraza lilijua kutoa barua za ugawaji. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi mabaraza ya kaunti nchini, yaliyopaswa kuwa walinzi, yalivyoigawa ardhi ya wananchi kwa watu wenye ushawishi. Mtu aliyekaa miaka thelathini aliweza kuamka na kukuta ploti yake ina jina la mtu asiyemjua.

Pale ambapo karatasi haikutumika, ulitumika moto. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliteketeza mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, wakazuiliwa huko kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mateso hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Idadi ya waliouawa ingali na utata. Huwa tunalikumbuka tukio hilo kama mauaji, na ndivyo lilivyo. Lakini lilikuwa pia uharibifu wa makazi: mtaa mzima ulifanywa majivu, na aliyerudi hakuwa na hati ya kuthibitisha kwamba hapo palikuwa pake.

Kesi ya Medina ndiyo ushahidi ulio wazi zaidi. Desemba 2010, miezi michache tu baada ya Katiba mpya kuzinduliwa, watu wa Medina mjini Garissa walibomolewa nyumba zao bila amri ya korti na bila notisi ya kutosha. Walisema familia zao zilikuwa zimeishi hapo tangu miaka ya 1940. Walalamishi 1,122 walienda Korti Kuu ya Embu, na Novemba 2011 wakashinda: korti iliagiza warejeshwe, nyumba zijengwe upya au wapewe makazi mbadala, na kila mmoja alipwe Sh200,000. Katika kesi hiyo, iliyoitwa kwa jina la mlalamishi wa kwanza, Ibrahim Sangor Osman, jaji hakuwauliza wakazi hatimiliki iko wapi. Aliuliza kama wana haki ya makazi, maji na usafi chini ya Kifungu cha 43 cha Katiba. Kwa mji ambao kila mgogoro wa ardhi ulikuwa umeishia kwenye swali la karatasi, hayo yalikuwa mageuzi makubwa.

Wapo watakaosema mji hauwezi kukua bila kubomoa. Barabara lazima ipite mahali fulani, na kuna bulla zilizo kwenye bonde ambalo Tana hulifurika, kama ilivyoonekana tena Novemba 2023 na miezi michache baadaye mwaka 2024. Hoja hiyo ina uzito, na anayemtetea maskini kwa kumwacha asombwe na maji hamtendei wema. Lakini haijibu lililolalamikiwa Medina. Marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yanataka notisi ya maandishi ya miezi mitatu hata kwa mtu anayeishi kwenye ardhi isiyo yake, na Kifungu cha 40 cha Katiba kinaruhusu fidia kwa mkaaji wa nia njema asiye na hati pale serikali inapotwaa ardhi. Barabara yenye njia halali ya kujengwa haihitaji tingatinga la kushtukiza.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: wapeni watu hatimiliki, tatizo liishe. Mradi wa kuboresha makazi duni uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2011 uliijumuisha Garissa kati ya miji yake 15, na kupima ploti na kutoa hati kulikuwa sehemu ya kazi yake. Naunga mkono, ila nina wasiwasi mmoja. Hati humwezesha mwenye ploti kuuza kihalali, na familia yenye mgonjwa au deni la karo huuza haraka na kwa bei ya chini. Hapo ndipo mambo ya London ya Ruth Glass yanaweza kuanza kweli Galbet. Hilo si sababu ya kumnyima mtu hati. Ni sababu ya kuhesabu nani anaishi wapi kabla ya ramani kuchorwa, na kuandika majina ya mke na mume pamoja, ili mmoja asiuze nyumba ya wawili.

Anayebaki nje ya mipango hii yote ni mpangaji: mchuuzi au mwalimu anayelipa kodi kwa mwezi. Hukumu ya Medina iliwakinga waliojenga. Yeye hakujenga, hana ploti ya kupimwa, na bulla ikipata lami na mtaro wa maji machafu, mwenye nyumba ndiye anayepata faida huku mpangaji akiongezewa kodi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 haimtambui, na hesabu ya wakazi isiyomjumuisha itamfanya asionekane katika mtaa anaoishi.