Kamina: Mpira Uliopanda Treni

Historia ya mpira wa Katanga, kusini mwa Kongo, huandikwa kana kwamba ni historia ya Lubumbashi peke yake. Huanza na klabu ya Mazembe, hupita kwa klabu ya Lupopo, huhesabu makombe, kisha basi. Miji ya kaskazini hutajwa pale tu mchezaji fulani anaposemwa kuwa alitokea huko. Kamina, ulio karibu kilomita 600 kutoka Lubumbashi kwa njia ya reli, haustahili kuachwa pembeni hivyo, wala siutetei kwa kuuonea huruma. Mji huu unaonyesha jambo ambalo makombe ya Lubumbashi yanalifunika: mpira wa ridhaa, ule ambao mchezaji halipwi mshahara, haujawahi kuwa mpira wa bure. Yupo anayenunua mipira, yupo anayemlisha mwamuzi, na zaidi ya wote yupo anayewapeleka vijana hadi mji wa jirani na kuwarudisha makwao. Ninachodai ni kwamba mpira wa Kamina na wa eneo zima la Haut-Lomami ulijengwa juu ya reli, ukanyanyuka nayo na ukaanguka nayo, na kwamba sababu nyingine zinazotajwa, ingawa zina ukweli wake, zimekalia msingi huo.

Tuanze na njia yenyewe. Reli iliyotoka kusini, upande wa Rhodesia, ilifika Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, na kufikia 1918 ilikuwa imegusa mto Lualaba pale Bukama. Miaka kumi baadaye, mwaka 1928, kampuni ya reli ya BCK ilimaliza kazi kubwa kuliko zote, yaani njia ya kilomita 1,123 kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Njia hiyo ilipita katika nchi ya Waluba wa chifu Kasongo wa Nyembo na kuifanya Kamina kuwa kituo. Mwaka 1956 likaongezwa tawi la kwenda Kabalo, likaungana na reli ya Tanganyika. Tangu hapo Kamina ukawa njia panda ya kweli: kusini kuna migodi, kaskazini-magharibi kuna Kasai, kaskazini-mashariki kuna ziwa Tanganyika. Umeme nao, ulioanza kuwekwa kwenye njia ya migodi katika miaka ya 1950, ulikuja kuishia Kamina, kwa hiyo treni zinazoelekea Kasai zilibadilisha kichwa hapo. Mahali pa kubadilisha kichwa hapaendi bila mafundi, madereva, wapangaji wa mabehewa, makarani, na nyumba zao. Kampuni ilijenga kambi, na kambini wakakaa pamoja watu wa Kasai, wa Lualaba na wa vijiji vya jirani ambao nje ya kazi hawakuwa na jambo la kuwaunganisha.

Makampuni ya Katanga hayakuwaachia wafanyakazi saa zao za mapumziko wazitumie watakavyo. Baada ya kuacha kuokota vibarua wa miezi michache na kuanza kuwaweka wafanyakazi na familia zao kambini kwa miaka, ilibidi Jumapili ijazwe kitu. Bendi, sinema na mpira vilijaza nafasi hiyo, na mwajiri aliona katika mpira mwili wenye nguvu, utii kwa filimbi, na mahali pa kuwaona watu wake wote kwa pamoja. Nia hiyo haikuwa safi, wala haifai kupambwa. Lakini ilileta vitu ambavyo kijana wa kijijini hakuwa navyo: uwanja uliosawazishwa, milingoti ya goli isiyoondolewa jioni, jezi za rangi moja, na mpira wa ngozi wenye kibofu ndani na kamba ya kufungia, ambao ukilowa mvua huwa mzito na ukimpiga mtu wa kichwa pale kwenye kamba humwachia alama. Mfano ulio wazi kuliko yote uko Élisabethville kwenyewe. Mwaka 1939 ilizaliwa Saint-Éloi, timu inayoitwa hadi leo timu ya watu wa reli, ikiwa na jina la mtakatifu msimamizi wa mafundi chuma. Lupopo, kama inavyojulikana sasa, ni ushahidi kwamba reli iliweza kuzaa timu iliyoishi kuliko kampuni iliyoilea, kwa maana BCK haipo tena ila Lupopo ipo.

Timu ya reli ilikuwa na kitu cha ziada hata kuliko timu ya mgodi. Timu ya mgodi ilikuwa tajiri lakini ilikaa pale mgodi ulipo. Mtu wa reli alikuwa na ruhusa ya kusafiri, alijua treni gani inapita siku gani, na stesheni zilikuwa na simu zao za kupelekeana taarifa. Ligi inahitaji hasa mambo hayo matatu: kufika, kujua siku, na kutoa habari mechi inapoahirishwa. Katika nchi ambayo barabara zake huzama matope tangu Novemba hadi Aprili, ratiba ya mechi za nyumbani na ugenini haikuwezekana isipokuwa kwenye mstari wa reli.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Watasema: aliyewafundisha Wakongo mpira ni padre, si dereva wa treni. Kweli, Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilimpata padre Raphaël de la Kethulle, aliyeanzisha chama cha michezo mwaka 1919, na hakuna anayeweza kuandika historia ya mpira wa Kongo bila yeye. Kamina nao ulikuwa mji wa misheni. Wafransisko walikuwa na shule zao, na nguvu za shule hizo zinajulikana duniani kwa njia nyingine kabisa: padre Guido Haazen aliunda pale Kamina kwaya ya wavulana na walimu, Les Troubadours du Roi Baudouin, iliyoimba misa iitwayo Missa Luba na kusafiri hadi Ubelgiji mwaka 1958, mwaka wa maonyesho makubwa ya Brussels. Shule inayoweza kuwafundisha watoto kuimba namna ile haishindwi kuwafundisha kupanga safu ya ulinzi. Sibishani na hilo. Ninachosema ni kwamba kufundisha na kubeba ni kazi mbili tofauti. Kwaya ile ilifika Ulaya kwa kuwa safari ililipiwa, na timu ya shule isiyolipiwa safari hucheza na timu ya shule ya pili iliyo ng'ambo ya barabara, mwaka hadi mwaka, mpaka wachezaji wazeeke.

Habari za Mazembe zinalithibitisha jambo hili kuliko hoja yoyote ninayoweza kuitoa. Ilianzishwa mwaka 1939 na Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface kwa ajili ya wanafunzi wao, ikaitwa Saint-Georges, kisha mwaka 1944 Saint-Paul. Baadaye walipoingia wachezaji wasiokuwa wa shule ile, mapadre waliacha kuisimamia. Timu haikufa. Ilichukua jina la Englebert, kampuni ya matairi iliyoifadhili, na kwa jina hilo ikaja kuitwa Tout Puissant, yaani mwenye nguvu zote, bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Misheni ilizaa, biashara ikalea. Padre alikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ulikuwa mlango wa shule. Mpira ulipotoka mlangoni ulihitaji mlezi mwingine, na Kamina haukuwa na kiwanda cha matairi wala duka kubwa la kampuni. Mwajiri mkubwa wa raia alikuwa reli.

Pingamizi la pili linatoka kwa wale wanaokumbusha kambi ya jeshi. Wabelgiji walianza kuijenga mwishoni mwa miaka ya 1940, nje ya mji, ikawa mojawapo ya vituo vikubwa vya kijeshi Afrika ya Kati. Askari hucheza mpira popote wanapokuwa, na wana muda, magari na amri. Hata hivyo kambi ya jeshi ni mji wenye geti. Waliokaa humo walibadilika kwa amri za mbali: Wabelgiji waliondoka mwaka 1960, wakaingia askari wa Umoja wa Mataifa, kisha majeshi ya taifa ya kila utawala. Kamanda akihamishwa, timu yake huhamishwa naye. Ligi ya mji haiwezi kujengwa juu ya wachezaji ambao mwakani watakuwa Kisangani.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu linatetea watu wadogo. Linasema kwamba watoto wa Kamina walicheza na wanaendelea kucheza kwa mpira wa matambara na mifuko ya plastiki, peku, kwenye vumbi, bila kampuni, bila padre, bila jeshi, na kwamba huo ndio mpira wa kweli. Nakubali kwamba bila watoto hao hakuna timu hata moja. Lakini tusichanganye kupenda na kupanga. Upendo wa mpira Kamina haukupungua hata siku moja katika miaka mia moja. Kama mpango ungetokana na upendo peke yake, ligi ya Kamina isingewahi kuyumba, na imeyumba mara nyingi.

Iliyumba kwanza mwaka 1960. Katanga ilipojitenga, kaskazini kwa Waluba hakukukubali. Vijana wa chama cha Waluba, Balubakat, wakapambana na askari wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, na reli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kushambuliwa. Treni zilikwenda kwa ulinzi au hazikwenda. Katika hali hiyo hakuna kiongozi wa timu anayeweza kumwambia mzazi kwamba mwanawe atarudi Jumatatu. Baada ya umoja kurudi ulikuja wakati wa matumaini. Taifa lilishinda Kombe la Afrika mwaka 1968 Addis Ababa na tena mwaka 1974 nchini Misri, na timu iliyokwenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi mwaka huo ilikuwa na wachezaji wa Mazembe kama kipa Kazadi, Mwepu na Bwanga. Mwaka huohuo wa 1974 makampuni ya reli yaliunganishwa kuwa SNCZ, shirika moja la taifa. Kwa muda likawa mlezi kama BCK ilivyokuwa. Kisha shaba ikashuka bei, njia ya reli ya Benguela ikafungwa kwa vita vya Angola tangu 1975, mabehewa yakazeeka bila vipuri, mishahara ikachelewa miezi, halafu miaka. Mfanyakazi asiyelipwa hawezi kuchangia jezi. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, nao walikuwa sehemu kubwa ya watu wa reli. Walijazana stesheni na kupandishwa treni za kwenda kaskazini, na reli iliyowaleta baba zao ikawaondoa.

Wengi husema leo kwamba kilichoua mpira wa mikoani ni utajiri wa Mazembe. Mfanyabiashara Moïse Katumbi alipoichukua mwaka 1997 na kuiongoza hadi makombe ya Afrika ya 2009, 2010 na 2015, kila kijana mwenye kipaji aliutazama mji mmoja tu. Kuna ukweli humo, na shule yake ya mpira iliyoanzishwa 2012 imeongeza mvuto. Lakini vijana wa kaskazini walihamia Lubumbashi hata siku za Englebert. Tofauti ni kwamba zamani waliobaki nyumbani walikuwa na mechi za kucheza. Kuondoka kwa mchezaji bora hakuui ligi, ila kutofika kwa timu ngeni huiua. Na kufika kumekuwa kwa hatari: Aprili 2014 treni ya mizigo iliyobeba abiria wengi ilipinduka Katongola, kaskazini mwa Kamina, ikaua watu wengi waliopanda kwa kuwa hawakuwa na usafiri mwingine.

Kilichobaki kimebebwa na watu wa kujitolea, na kazi yao haisifiwi vya kutosha. FECOFA, shirikisho la mpira la Kongo, ina ngazi zake: ligi ya jimbo, chini yake entente, chini yake cercle. Kwenye cercle ndiko kazi inakofanyika kwa mkono. Kuna katibu anayetunza leseni zenye picha, anayeziweka mezani kabla ya mechi ili mwamuzi aite majina mmoja mmoja na kulinganisha sura na picha, anayejaza karatasi ya mechi, na anayeipokea rufaa ya timu iliyofungwa inayodai kwamba namba saba alicheza kwa leseni ya kaka yake. Rufaa hiyo hupimwa kwa kanuni, hata kama uwanja hauna ukuta. Mwaka 2023 FIFA iliweka kamati ya kuisimamia FECOFA kwa sababu ya matatizo ya juu. Huku chini ngazi hizo zimedumu kwa sababu makatibu hawa hawakuziacha.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa na Haut-Lomami likawa jimbo, Kamina ukiwa makao makuu. Wapo wanaosema jimbo jipya ni dogo na maskini mno kuwa na mashindano yake. Watazame ramani. Jimbo lina maeneo matano: Kamina, Bukama, Kaniama, Kabongo na Malemba-Nkulu. Manne ya kwanza yako kwenye reli: Bukama kusini, Kaniama kwenye njia ya Kasai, Kabongo kwenye tawi la Kabalo, na Kamina katikati. Malemba-Nkulu, lisilo na reli, liko kwenye Lualaba, na mto hupitika kwa mashua kutoka Bukama. Mashindano ya jimbo yanaweza kupangwa kwa kufuata siku za treni badala ya kulazimisha kila timu icheze kila Jumapili: timu mbili zikutane mji mmoja, zicheze mechi mbili katika siku tatu, zirudi na treni ifuatayo. Shirika la reli likitoa behewa moja kwa msimu, na serikali ya jimbo ikilipia chakula cha waamuzi, gharama iliyobaki iko ndani ya uwezo wa vilabu vyenyewe.