Emma: Jina Alilopokonywa Malkia, Likaja Kuvaliwa na Mastaa

Ukisikia jina Emma leo, akili inakimbilia Hollywood moja kwa moja: Emma Stone, Emma Watson, Emma Roberts. Kumbe jina lenyewe lina zaidi ya miaka 1,000, na limepita kwenye mambo mazito kuliko muvi zao.

Emma ni jina la Kijerumani cha kale. Limetoka kwenye neno "ermen", yaani kitu kizima, kisichopungua. Wengi wanalichanganya na Emily, ila hayo majina si ndugu. Emily asili yake ni Kilatini.

Mwaka 1002, binti wa mtawala wa Normandy, kule Ufaransa, aliolewa na mfalme wa Uingereza, Æthelred. Binti alikwenda akiitwa Emma. Kufika kule, akapewa jina la Kiingereza, Ælfgifu, na ndilo likawa linaandikwa kwenye hati za ikulu. Mume akafariki 1016. Mwaka uliofuata akaolewa na Cnut, Mdenmark aliyeiteka nchi. Wanawe wawili walikuja kuwa wafalme. Lakini huyu mama hakulisahau jina lake. Alipoagiza kiandikwe kitabu cha kusifu familia yake, ndani yake akaitwa Emma.

Mwaka 1066 Wanormandy wakaitwaa Uingereza, na jina likasambaa. Baadaye likapoa, likapoa kweli.

Karne ya 18 kuna binti wa mhunzi, Amy Lyon, alitaka kuanza upya. Akajiita Emma. Huyo ndiye Lady Hamilton, mpenzi wa Nelson, yule kamanda maarufu wa jeshi la majini. Alifariki maskini huko Calais mwanzoni mwa 1815. Desemba mwaka huohuo Jane Austen akatoa riwaya yake, jina lake Emma.

Marekani mwaka 1880, Emma lilikuwa namba 3 kwa watoto wa kike. Kufika miaka ya 1970 hata kwenye 200 bora halimo. Lilishakuwa jina la mabibi, na hakuna mzazi aliyetaka mwanawe asikike kama bibi kizee.

Halafu Mei 2002, kwenye tamthilia ya Friends, Rachel akajifungua mtoto akamwita Emma. Wengi wanasema hapo ndipo jina lilifufuka. Si kweli sana. Mwaka 2001 lilishafika namba 13. Mabibi wenye jina hilo walikuwa wameshaondoka, likaanza kusikika jipya. Friends ililisukuma tu: mwaka 2002 namba 4, mwaka 2003 namba 2. Mwaka 2008 likashika namba 1, na kuanzia 2014 hadi 2018 halikushuka hapo juu.

Sasa turudi kwa Emma Stone. Jina alilozaliwa nalo ni Emily. Kwenye chama cha waigizaji tayari kulikuwa na Emily Stone mwingine, na majina mawili yanayofanana hayaruhusiwi. Akajaribu Riley, halikumkaa, akaangukia Emma. Amewahi kusema tangu utotoni alikuwa anamzimia Emma Bunton wa Spice Girls.

Mwaka 2024, akiwa ameshabeba Oscar mbili kwa jina hilo, alisema angependa watu wamwite Emily.

Je, wewe ungekubali kubadili jina lako kwa ajili ya kazi, au ndoa?