Bujagali Haipo Kwenye Ramani

Kazi niliyopewa ilikuwa rahisi kwa mdomo: panga safari ya Jinja, Desemba, familia nzima. Binamu zangu wawili wanataka mto uwarushe hadi wasahau majina yao. Shangazi hajui kuogelea, ana watoto wa miaka saba na kumi, na amesema habaki nyumbani. Nikanunua kitabu cha mtumba cha wasafiri, kile cha kutandazwa kando ya barabara mjini, kilichochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kinaeleza siku nzima majini kwa boti la mpira, poromoko baada ya poromoko, kuanzia Bujagali. Nikaanza kunakili ratiba. Halafu nikafungua ramani ya simu. Pale Bujagali ilipokuwa, kuna maji yaliyotulia tuli.

Kumbe mto huu umezamishwa kwa awamu.

Tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alisimama mahali Nile inapotoka ziwani akayaita maporomoko yale Ripon, jina la mkubwa mmoja wa Uingereza. Wenyeji walishayaita Mawe, na hiyo ndiyo maana ya Jinja hadi leo. Mto wenyewe Wasoga wanauita Kiyira. Churchill akapita 1907, akayatazama maji yakianguka, na katika kitabu chake cha mwaka uliofuata akaandika kwamba nguvu ile yote inapotea bure. Mwaka wa 1954 Malkia Elizabeth akafungua bwawa la Owen Falls. Ripon ikazama.

Hapa ndipo Mkenya anaingia, na hatupendi kuisema hii sehemu. Mwisho wa miaka ya 1950 waya zilivutwa kutoka Jinja kupitia Tororo hadi Nairobi, na kwa miaka mingi sehemu ya stima ya jiji letu ilitoka kwenye bwawa hilo. Kwa hivyo siwezi kuwalilia Waganda mto wao nikijifanya mgeni.

Bujagali ilibaki, kilomita chache chini ya bwawa. Palikuwa makao ya roho inayoitwa Budhagaali, na inasimuliwa kwamba mlinzi wake wa kweli alijulikana kwa kuelea juu ya maji yale akiwa amekalia kitambaa cha gome la mti. Fikiria hilo kabla ya kulalamika kwamba jaketi la kuokolea linakubana. Baadaye walikuja vijana wa pale, ambao kwa pesa kidogo ya mtalii walijitosa kwenye poromoko wakikumbatia jerikani ya njano. Hakuna kofia, hakuna mwongozaji. Kampuni za maboti zilipoanza katikati ya miaka ya 1990, ziliwakuta watu ambao tayari walikuwa wanaujua mto kwa ngozi.

Ujenzi wa bwawa la Bujagali ulianza 2007. Roho ikafanyiwa ibada ya kuihamisha, kama mpangaji anayepewa notisi. Nabamba Budhagaali, mzee aliyekuwa mlinzi wake, alikataa kuitambua. Maji yakapanda mwishoni mwa 2011, na mwaka uliofuata mitambo ya megawati 250 ikazinduliwa. Mwaka huohuo wa 2007 serikali ya Uganda ilikuwa imeiahidi Benki ya Dunia kwamba Kalagala, chini zaidi, ingeachwa kama fidia. Kisha likaja bwawa la Isimba, megawati 183, kwa mkopo wa China, likazinduliwa Machi 2019. Maji yake yalirudi nyuma yakameza mawimbi ambayo wapiga kayaki wa dunia nzima walikuwa wakiyafuata, likiwemo moja lililopewa jina la bia, Nile Special. Ahadi ile ilikuwa na tundu, na mto ukapita humo.

Sisemi stima ni mbaya. Ninaandika haya simu ikiwa kwenye chaja. Lakini nani aliulizwa? Mwongozaji aliyepoteza nusu ya njia yake ya kazi? Wale vijana wa jerikani?

Basi ratiba yangu ni ya mto uliobaki. Mawimbi hupangwa daraja ya kwanza hadi ya sita. Binamu watapata daraja ya tano, na pale Itanda, kwenye sehemu ambayo waongozaji wanaiita Mahali Pabaya, watashuka na kutembea kando kama watu wenye akili. Shangazi na watoto watapata safari fupi ya maji mapole, boti lao peke yao. Waongozaji wa kayaki watakuwa karibu kumwokota anayeanguka, na mtu ataanguka. Saa ya kuingia majini siipangi mimi: inategemea bwawa limeachia maji kiasi gani. Na cheti cha homa ya manjano kila mtu abebe, nisije nikaachwa mpakani Busia nikibembeleza kwa niaba ya ukoo.

Nilipoituma ratiba kwenye grupu, binamu walijibu kwa emoji za moto. Shangazi alinipigia.

"Hiyo Bujagali iliyozama, inaonekana bado?"

"Hapana, shangazi. Ni maji tu."

"Si kuna mashua? Tupeleke hapo juu yake."

Nimeiweka Jumapili jioni, kabla ya basi la kurudi.