Mtoto ni wa nani? Historia ya sheria ya jamaa, toka kwa wazee wetu hadi leo

Kila mara tunapofungua mazungumzo juu ya watoto, ulizo moja linarudi: mtoto ni wa nani? Mama mjane aliyekimbia Manono na anayeishi sasa Kalemie anauliza kama shemeji zake wana haki ya kumnyang'anya watoto. Baba mmoja anauliza kwa nini leta inamkataza kuozesha binti yake wa miaka 15, na ni yeye aliyemzaa na kumlisha. Mimi si mwanasheria. Lakini maulizo hayo yana historia ndefu, na mwenye kuijua hadanganywi mbio.

Tuanze na wazee. Kwetu Baluba wa Manono, mtoto anafuata ukoo wa baba. Mali ikiisha kutolewa kwa wakwe, watoto wanahesabiwa upande ule uliotoa mali. Lakini enda Moba kwa Batabwa, ao Kongolo kwa Bahemba: kule mtoto alifuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno kubwa juu yake. Basi ndani ya provensi yetu moja, wazee hawakuwa na jibu moja. Anayesema "desturi yetu inasema mtoto ni wa baba, basi" anasema nusu ya mambo. Jambo moja lilikuwa sawa pande zote: mtoto alikuwa wa jamaa, na jamaa ilikuwa na deni kwake. Haki ya kumwamuru ilienda pamoja na mzigo wa kumlisha.

Wabelgiji walipofika, hawakuleta sheria moja kwa wote. Sheria yao ya mwaka 1895 juu ya watu na jamaa ilikuwa ya Wazungu na Waafrika wachache walioandikishwa. Wengine wote waliachwa kwa desturi, na tangu 1926 mambo yao yalikatwa na tribinali za kienyeji. Serkali ya kikoloni iliingilia pahali pamoja pamoja tu: mwaka 1936 ilitoa amri ya kulinda msichana ambaye hajavunja ungo, na tarehe 6 mwezi wa 12 mwaka 1950 ikatoa amri juu ya watoto wenye kukosa sheria. Wakati ule Manono ilikuwa imekua juu ya etaini ya Géomines. Watu wenye desturi mbali mbali walikaa kambi moja ya wafanyakazi. Muluba akioa binti wa Kihemba, mtoto ni wa baba ao ni wa mjomba? Kila upande ulikuwa na desturi yake mkononi.

Uhuru ulipita mwaka 1960, lakini sheria moja ya jamaa ilingoja miaka mingi. Ilitiwa sahihi wakati wa Mobutu, tarehe 1 mwezi wa nane 1987, ikaanza kutumika mwaka mmoja nyuma yake. Ilisema jambo zito: kila mtoto lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa ao inje. Iliweka mtoto chini ya mamlaka ya baba na mama pamoja. Iliruhusu pia tribinali kumvua mamlaka hayo mzazi anayemtesa mtoto. Juu ya urithi, iliwapa watoto robo tatu ya mali ya marehemu, hata yule aliyezaliwa inje, kama baba alikuwa amemkubali kisheria. Shemeji anayekuja kuchukua kinga na mabati ya nyumba siku ya kilio akumbuke hiyo robo tatu.

Lakini sheria ileile ilimfanya mke aombe ruhusa kwa bwana kabla ya kwenda tribinali. Na iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, wakati kijana alingoja 18. Kwa hiyo baba yule wa miaka 15 hakuota. Alikuwa anasema sheria ya zamani.

Kisha vita. Manono iliona mapigano ya vita vilivyoanza 1998, nyuma yake ile pembe tatu tuliyoiita ya kifo, Manono–Mitwaba–Pweto, na ugomvi wa Batwa na Baluba uliochoma vijiji na kupeleka jamaa nyingi hadi Katanika na Kalunga, pembeni ya Kalemie. Watoto walishikishwa mishale. Wengine walipoteana na wazazi njiani.

Katika miaka hiyo sheria iligeuka. Katiba ya 2006 ilisema mtoto ni kila mtu asiyefikisha miaka 18, na ikakataza kumtupa, kumtesa na kumshitaki uchawi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 ilikataza ndoa na uchumba wa watoto, ikaweka tribinali za watoto, na ikasema faida ya mtoto itangulie katika kila uamuzi unaomuhusu. Kuingiza mtoto katika jeshi ao kundi la silaha ni miaka 10 hadi 20 ya gereza. Mwaka 2016 sheria ya jamaa yenyewe ikasahihishwa: miaka 18 kwa wote wawili, na mke haombi tena ruhusa ya bwana ili aende tribinali.

Basi, mama mjane, ujue hivi: hakuna anayeweza kuja usiku kuchukua watoto kwa nguvu na kusema ni desturi. Kama kuna ugomvi, tribinali ndiyo inaamua, na haiulizi kwanza ukoo gani ulitoa mali. Inauliza mtoto atakuwa salama wapi, na mtoto mwenye akili ya kueleza anasikilizwa naye.

Lakini hapa ndipo shida yetu ilipo. Binti wa miaka 15 ataonyesha nini kwamba ana 15, kama karatasi yake ya kuzaliwa iliungua pamoja na nyumba, ao haikuandikwa kamwe? Sheria inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto kwa etasivili. Zikipita, inatakiwa hukumu ya tribinali. Mimi mwenyewe karatasi yangu ilitafutwa nilipoanza sekondari, na baba alitembea wiki nzima juu yake. Hakukuwa vita wakati ule.

Wazazi, hakuna anayewanyang'anya mamlaka. Sheria inawaomba kile wazee walichojua: anayemwamuru mtoto ana deni kwake. Anzeni na karatasi. Aliyezaa mwezi huu, asingoje siku ya 91.