Baraza, Kahawa na Vitabu

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hata Unguja, nyumba nyingi za mawe zilijengwa pamoja na baraza za chokaa kando ya mlango, na hapo, baada ya sala ya alasiri, marafiki wakikusanyika kuulizana hali, bei ya samaki na khabari za majahazi yaliyoletwa na kaskazi, huku muuza kahawa, mkononi dele lake la shaba lenye makaa chini yake, akipita akigonganisha vikombe.

Lakini jambo lenye thamani kubwa katika taarikhi ya baraza hizo, nami naona halijapewa haki yake, ni usomaji. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, na tafsiri ya riwaya ya Kiingereza, Mashimo ya Mfalme Sulemani, ilipotoka mwaka 1929, nakala moja iliweza kutosheleza baraza nzima: kijana aliyejua hati za Kilatini alisoma kwa sauti, na wazee, waliozoea kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, wakamsimamisha penye shairi, wakamtaka arudie ubeti, wakaupima vina na mizani, kisha wakahojiana kwa hamu hata muadhini wa magharibi alipowainua.