Kuchagua spika za studio za bei nafuu kwa kuchanganya nyimbo za kwaya nyumbani

Kwaya nyingi za makanisa yetu hazirekodi tena katika studio kubwa za mjini. Kijana mmoja wa kwaya ana kompyuta, kadi ya sauti na mikrofoni moja au mbili, na chumba chake cha kulala ndicho studio. Hapo nyimbo zinarekodiwa na hapo zinachanganywa, kazi ambayo vijana wetu huita mikisaji. Gharama zimepungua, nasi tunashukuru. Lakini kuna kitu ambacho mara nyingi kinasahauliwa: chombo cha kusikilizia.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara. Kwaya moja tuliyoisaidia ilichanga pesa miezi mingi ili itoe nyimbo zake nane. Tulizichanganya kwa spika ndogo za kompyuta. Spika hizo hazikutoa besi, kwa hiyo tukaongeza gitaa la besi na ngoma mpaka tukaridhika. Siku nyimbo zilipopigwa kwenye bafle za kanisa, besi ilivuma hadi mabati ya paa yakatetemeka, na maneno hayakusikika. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alituuliza kwa upole: «Wanangu, sisi tuliimba wapi humu ndani?» Tulilazimika kuanza upya, na pesa ya kwaya ilikuwa imekwisha.

Makala haya ni kwa wale ambao hawajapata hasara hiyo bado.

Spika ya studio ni nini

Spika ya redio ya nyumbani imetengenezwa ili ipendeze. Huongeza besi na huongeza sauti za juu ili wimbo wowote uonekane mtamu. Spika ya studio, ambayo mafundi huiita monita, imetengenezwa ili iseme ukweli: isiongeze wala isipunguze. Kama sauti ya tatu imezidi, utaisikia imezidi. Kama mwimbaji alikohoa katikati ya ubeti, utasikia kikohozi.

Spika iliyojulikana sana katika kazi hii ni Yamaha NS-10, ile yenye koni nyeupe. Ilitoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani, na uzalishaji wake ulikoma mwaka 2001. Watu wengi hawakuona utamu wake, lakini mafundi wa studio kubwa za Ulaya na Marekani waliitumia miaka mingi kwa sababu ilionyesha makosa wazi. Kwa hiyo usichague spika kwa kuuliza, «Inapendeza?» Uliza, «Inanionyesha kosa?»

Spika nyingi za studio za siku hizi zina ampli yake ndani. Hiyo ndiyo tunayopendekeza kwa anayeanza, maana hutahitaji kununua ampli nyingine.

Ukubwa gani unatosha

Spika hupimwa kwa upana wa koni yake kubwa, kwa inchi. Za bei nafuu huwa za inchi 3 na nusu, inchi 5, na pengine inchi 8. Ili kuchagua, tuangalie kwanza kile kwaya inachoimba.

Sauti ya nne ya wanaume hushuka hadi karibu Hz 82. Kamba nene ya gitaa la besi la kamba 4 iko Hz 41. Likiwa la kamba 5, inashuka hadi Hz 31. Sasa linganisha na maandishi ya watengenezaji. PreSonus Eris E3.5, ya inchi 3 na nusu, inaanzia Hz 80. Yamaha HS5, ya inchi 5, inaanzia Hz 54. JBL 305P MkII, nayo ya inchi 5, inaanzia Hz 43.

Maana yake ni hii: spika ya inchi 3 na nusu inaweza kukuonyesha kwaya nzima, hata sauti ya nne, lakini sehemu ya chini ya gitaa la besi huisikii. Kwa kwaya inayoimba bila vyombo, au kwa gitaa kavu na kayamba, inatosha. Kwa kwaya yenye besi, ngoma na kinanda, jitahidi ufike inchi 5. Inchi 8 hatuishauri kwa chumba kidogo: besi yake itajaa chumbani na kukudanganya zaidi.

Uwe mwangalifu na namba hizo. Mtengenezaji mmoja huandika mahali ambapo sauti imeshuka kwa desibeli 10, ambapo tayari imefifia sana, na mwingine huandika mahali ambapo imeshuka kwa desibeli 3 tu. HS5 ni Hz 54 kwa kipimo cha kwanza, lakini Hz 74 kwa kipimo cha pili. Linganisha vipimo vya aina moja.

Wati zisikusumbue. Ukiketi mita 1 kutoka kwenye spika, wati 25 kila upande zinatosha kabisa. Si bafle za kongamano hizi.

Umeme: soma kibandiko kabla ya kulipa

Umeme wetu ni volti 220. Ndugu zetu walio Marekani wakitutumia vyombo, mara nyingi vimetengenezwa kwa volti 120. Ukivichomeka hivyo hivyo, fyuzi inakatika, au ampli inaungua siku hiyohiyo. Geuza spika, soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100–240, hakuna shida. Kama kuna swichi ya 115/230, iweke kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Kikisema 120 peke yake, tafuta transfoma au acha kununua.

Umeme ukikatika, chomoa spika. Unaporudi huja kwa nguvu isiyo ya kawaida, na huo ndio unaoua vyombo. Stabilizateri ni msaada mkubwa. Wanaotumia sola wajue kwamba inveta za bei ya chini sana zinaweza kuleta mvumo ndani ya spika. Jaribuni kabla ya kulipa. Na desturi nzuri ni hii: spika iwashwe mwisho, izimwe kwanza.

Chumba ni nusu ya spika

Mtu anaweza kununua spika ya ghali, akaiweka pembeni mwa chumba, na akasikia uongo. Ukuta na pembe huongeza besi. Tena kila chumba kina sauti zake za chini kinazozipenda. Chumba chenye urefu wa mita 3 huvuma karibu na Hz 57. Cha mita 4, karibu na Hz 43. Ukisikia noti moja ya besi inapiga kelele kuliko nyingine, pengine kosa si la mpiga gitaa.

Mambo haya hayana gharama:

– Weka spika mbili na kichwa chako ziwe pembetatu yenye pande sawa. Mita 1 hadi 1 na nusu kila upande inatosha.
– Spika ndogo ya sauti za juu iwe kwenye usawa wa masikio. Matofali ya sementi yaliyopangwa vizuri, na kipande cha godoro juu yake, ni stendi nzuri.
– Upande wa kushoto na wa kulia viwe sawa. Usiwe na ukuta upande mmoja na mlango wazi upande wa pili.
– Vuta spika mbali na ukuta kadiri chumba kinavyoruhusu. Isipowezekana, spika nyingi zina swichi ya nyuma ya kupunguza besi; itumie.
– Tundika mablanketi mazito pande mbili ulipoketi, na simamisha godoro kwenye pembe.

Kuhusu trei za mayai: tumeziona zimegandishwa kwenye kuta za studio nyingi. Zinabadilisha kidogo sauti za juu tu. Besi inapita kana kwamba hazipo, na sauti ya jirani pia. Zaidi ya hayo, ni karatasi. Katika nyumba ya mbao, umeme ukikatika na mshumaa ukiwashwa, ni hatari. Afadhali mablanketi na kabati lililojaa nguo.

Kama pesa inatosha kaske tu

Usione haya. Kaske nzuri ni bora kuliko spika mbaya katika chumba kibaya. Haisumbui mtoto aliyelala, na nyingi hazihitaji umeme wake. Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991, bado inatumika katika redio na studio nyingi duniani. Lakini jihadhari na mambo mawili. Kaske hutenganisha kushoto na kulia kupita kiasi, na kiasi cha besi ni kigumu kukikadiria kwa sababu mwili hauisikii. Baada ya kaske, sikiliza kwenye spika yoyote kabla ya kusema umemaliza.

Wakati wa kununua

Wengi wetu huagiza kwa wafanyabiashara wanaokwenda Kampala, Nairobi au Dubai. Uliza kwanza: bei hii ni ya spika moja au ya jozi? Spika ndogo huuzwa kwa jozi, lakini za inchi 5 mara nyingi huuzwa moja moja, na ndugu wengi wamepokea boksi moja wakati walipiga hesabu ya mbili. Uliza pia kuhusu kebo. Kebo zenye nyaya tatu ndani, za XLR au za jeki kubwa ya stereo, hupunguza kelele za umeme, mradi kadi yako ya sauti iwe na matundu yanayofaa.

Kama ni za mtumba, njoo na wimbo unaoujua tangu utoto. Sikiliza spika moja, kisha nyingine. Zikitofautiana, ziache. Gusa koni kwa macho tu: mpira wa pembeni usiwe umepasuka.

Kuizoea

Spika mpya haifanyi kazi yenyewe. Wiki ya kwanza usichanganye kitu. Sikiliza nyimbo zilizochanganywa vizuri, za kwaya unazoziheshimu, mpaka ujue besi nzuri inasikikaje chumbani mwako.

Fanya kazi kwa sauti ya chini, ambayo mtu aliye karibu anaweza kuongea nawe bila kupaza sauti. Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi vizuri zaidi sauti inapokuwa kubwa. Ndiyo maana mchanganyiko wa kelele unakuja kukosa besi ukishushwa. Na masikio hayanunuliwi dukani. Desibeli 85 kwa saa 8 ndicho kikomo kinachotajwa na wataalamu wa afya ya kazi.

Kisha toa wimbo nje ya chumba. Usikilize kwenye simu, maana huko ndiko waumini wengi watausikia. Usikilize ndani ya teksi, na kwenye bafle za kanisa siku ambayo hakuna ibada. Unganisha kushoto na kulia kuwa moja, kwa sababu makanisa mengi hupiga hivyo, uone kama kuna sauti inayotoweka.

Mwisho, fanya jaribio ambalo sisi hatukulifanya siku ile. Mwite mtu asiyeujua wimbo, mpe kalamu, aandike maneno anayoyasikia. Akiandika ubeti mzima, kazi imekwisha. Akikwama, rudi kwenye spika, ukaishushe besi.