Ufunguo malaya

Ufunguo unaofungua vitasa vingi huitwa ufunguo malaya. Usilipachike jina hilo kwenye ufunguo wa rimoti wa “magari yote” unaouzwa madukani. Huu hauna umalaya wowote: hutoka kiwandani mtupu, haufungui chochote mpaka fundi auozeshe kwa gari moja, mara nyingi kupitia soketi iliyo chini ya usukani. Tena huchagua. Magari mengi ya Japani husikiliza megahezi 315, ya Ulaya 433. Ukikosea hapo utabonyeza hadi kidole kiote sugu. Chipu iliyo ndani ya ufunguo nayo lazima iafikiane na gari. Na ukipoteza mmoja, usiishie kuchongesha mwingine: mwambie fundi aufute uliopotea kwenye kumbukumbu ya gari, la sivyo aliyeuokota bado anaweza kuliwasha.